Lagarde asomwe mzima, asikatwe vipande

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yenu tuzungumzie profesa Mjerumani aliyefariki mwaka 1891, ambaye jina lake lingali linatajwa kwa heshima popote inapofundishwa Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Ni Paul de Lagarde. Mwanafunzi wa theolojia huambiwa kwamba huyu ndiye aliyeweka msingi wa uhakiki wa kisasa wa matini hiyo, kisha somo husonga mbele. Akiuliza zaidi hujibiwa kwamba bwana huyo alikuwa na maneno makali kuhusu Wayahudi, lakini hayo yalikuwa mambo ya siasa na ya zama zake. Jibu hilo si kweli. Linawanyima wanafunzi wetu kitu wanachokihitaji sana, yaani uwezo wa kuona jinsi elimu kubwa ya lugha inavyoweza kuishi na chuki ndani ya kichwa kimoja, na jinsi chuki hiyo inavyoharibu hata elimu yenyewe.

Lagarde alizaliwa Berlin tarehe 2 Novemba 1827 akiitwa Paul Bötticher. Jina la Lagarde alilipata mwaka 1854 alipoasiliwa na bibi wa ukoo wa mama yake. Alifundisha shule Berlin kwa miaka 12 kwa sababu vyuo vikuu havikumpa kiti, na uchungu wa miaka hiyo haukumtoka. Mwaka 1869 ndipo alipopata uprofesa Göttingen, kwenye kiti kilichokuwa cha Heinrich Ewald. Kisiriaki, Kikopti, Kiarmenia, Kiaramu, Kiebrania, Kiarabu, Kiajemi, Kigiriki na Kilatini vyote alivifanyia kazi, na matini alizochapa ni nyingi kiasi kwamba orodha yake peke yake ingejaza ukurasa wa gazeti hili. Hatuna nia ya kumpunguzia hata moja.

Kazi yake kuu tuieleze kidogo, maana bila kuielewa hatutajua chuki iliingilia wapi.

Hati za Septuaginta tulizo nazo ni nakala za nakala. Mnakili wa mkono huruka mstari pale maneno mawili yanapomalizikia herufi zilezile. Huingiza katika matini neno ambalo mwenziwe aliliandika pembeni kama maelezo. Tena, akiwa na hati mbili mezani, husahihisha hii kwa ile, na hapo nasaba za hati huchanganyika. Kosa hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa sababu halionekani kwa macho: nakala safi, yenye mwandiko mzuri, yaweza kuwa imechota kutoka mapokeo matatu tofauti. Mwaka 1863, katika kitabu chake kuhusu Mithali kwa Kigiriki, Lagarde aliweka kanuni tatu za kulikabili tatizo hilo. Ya kwanza, kwa kuwa kila hati imechanganyika, hakuna hati moja inayoweza kuchukuliwa kuwa ndiyo asili. Kila usomaji upimwe peke yake, na mpimaji awe anajua mazoea ya mfasiri wa kitabu husika. Ya pili, pakiwa na tafsiri huru na nyingine iliyofuata Kiebrania neno kwa neno, ile huru ndiyo ya mwanzo. Ya tatu, pakiwa na usomaji unaolingana na Kiebrania cha Wamasoreti, yaani wasomi wa Kiyahudi waliotunza matini ya Kiebrania inayotumika hadi leo, na mwingine unaoweza kutoka tu katika Kiebrania tofauti, huu wa pili ndio wa asili. Sababu ya kanuni mbili za mwisho ni moja: wasahihishaji wa baadaye walikuwa wakiivuta tafsiri ya Kigiriki ikikaribie Kiebrania walichokuwa nacho.

Mfano ni kimo cha Goliathi katika 1 Samweli 17:4. Biblia zetu za Kiswahili, zikifuata Wamasoreti, zina mikono sita na shibiri moja, yaani karibu meta tatu. Hati ya kale ya Kigiriki ya Vatikani ina mikono minne na shibiri, kama meta mbili hivi. Kwa kanuni ya tatu, minne ndiyo ya zamani zaidi katika Kigiriki, na inadokeza Kiebrania kilichokuwa na nne. Gombo la Samweli lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, katika karne ya 20, la Kiebrania, lina mikono minne na shibiri. Kanuni ya Lagarde ilisimama miaka zaidi ya 60 baada ya yeye kuzikwa. Hilo tunalisema wazi.

Hakusimama kila mahali, hata hivyo. Mpango wake ulikuwa kwanza kutenga aina tatu za matini ambazo Hieronimo, mfasiri wa kale wa Biblia ya Kilatini, alisema zilitumika katika makanisa ya Misri, Palestina, na eneo la kutoka Antiokia hadi Konstantinopoli, kisha kutoka hapo arudi nyuma kuelekea asili. Aina ya Antiokia, inayohusishwa na Lusiano aliyeuawa mwaka 312, aliitafuta kwa kulinganisha hati na maneno ya Biblia yaliyonukuliwa na mababa wa Antiokia kama Krisostomo na Theodoreto. Njia hiyo ni nzuri. Lakini juzuu ya kwanza aliyoitoa mwaka 1883 ilichapwa sehemu kubwa bila orodha ya tofauti za hati chini ya ukurasa, kwa hiyo msomaji hakuweza kumkagua. Katika Mwanzo, hati alizozitegemea zilionekana baadaye hazibebi matini ya Antiokia hata kidogo. Juzuu ya pili haikutoka. Mwanafunzi wake Alfred Rahlfs ndiye aliyeirekebisha njia hiyo, na mwaka 1908 mradi wa Septuaginta ukaanzishwa Göttingen. Toleo dogo la Rahlfs la mwaka 1935 ndilo ambalo wanafunzi wengi duniani wanalo mkononi hadi leo.

Sasa maandishi mengine ya mkono uleule. Insha zake za siasa alizikusanya katika Deutsche Schriften, kwanza mwaka 1878, na toleo kubwa likatoka mwaka 1886. Humo anataka dini ya taifa la Wajerumani, isiyo ya Kikatoliki wala ya Kiprotestanti, iliyosafishwa kila kilicho cha Kiyahudi. Mtume Paulo analaumiwa kwa kuuingiza urithi huo katika Injili. Wayahudi wa Ujerumani wanapewa njia mbili, waache kabisa kuwa Wayahudi au waondoke. Wale wa Ulaya ya Mashariki anataka wahamishwe, ama Palestina ama Madagaska. Sisi tunaoishi ukingoni mwa bahari hiyohiyo tuone alivyokiona kisiwa hicho: mahali patupu pa kumwaga watu asiowataka, ilhali Wamalagasi walikuwa na ufalme wao na serikali yao. Wazo hilo halikufa. Lilipita mikono mingi, na mwaka 1940 afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, Franz Rademacher, aliliandikia mpango rasmi, ambao haukutekelezeka kwa kuwa Uingereza ndiyo iliyotawala njia za bahari.

Mwaka 1887 alitoa kitabu kidogo, Juden und Indogermanen. Humo ndimo yalimo maneno mabaya kuliko yote aliyoandika. Anawaita Wayahudi wadudu waharibifu wanyonyao wengine kwa riba, kisha anasema kwamba na minyoo ya trikina na bakteria hakuna majadiliano, wala hao hawaelimishwi. Huangamizwa upesi na kabisa kadiri iwezekanavyo. Msomaji wa wakati ule alijua vizuri trikina ni nini. Ni minyoo iliyokuwa ikiua watu kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, na ukaguzi wa nyama kwa hadubini ulikuwa umeenea Prussia. Bakteria nao walikuwa habari moto: Robert Koch, yuleyule aliyefika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 kuchunguza malaria, alikuwa ametangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Profesa alichukua heshima ya sayansi mpya na kuivika chuki ya zamani. Angalia pia kazi inayofanywa na lugha hiyo. Ukimwita mtu mwizi, bado umemwachia mahakama. Ukimwita mkaidi, umemwachia mahubiri na shule. Ukimwita kimelea umefunga milango yote hiyo kwa pamoja. Lagarde aliifunga kwa kutamka: hakuna majadiliano, hakuna kuelimisha.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1883, mtu huyu alikuwa amechapa makama, yaani visa vya nathari yenye vina, za Yuda al-Harizi, mshairi Myahudi wa Hispania aliyekichezea Kiebrania kwa ufundi unaowakumbusha wasomaji wetu watunzi wa tenzi za pwani. Mwaka 1872 alikuwa amechapa Targumi, yaani tafsiri ya Kiaramu, ya Manabii kutoka hati iitwayo ya Reuchlin, iliyonakiliwa na Wayahudi mwanzoni mwa karne ya 12. Alisoma kila herufi ya watu hao. Kwa hiyo wanaosema kwamba chuki hutokana na kutojua, na kwamba tukisoma lugha za wengine itakwisha, wamtazame yeye kwanza.

Wapo wanaomtetea kwa kauli yake mashuhuri kwamba Ujerumani wa mtu haumo katika damu bali katika moyo, na wanahitimisha kwamba hakuwa mbaguzi wa rangi. Kauli hiyo ni yake kweli. Lakini soma masharti yanayoifuata. Moyo huo wa Kijerumani, kwa hesabu yake, Myahudi hawezi kuwa nao hadi aiache sheria yake, sala zake na jamii yake bila kubakiza chochote. Na anapofika mwaka 1887 kwenye bakteria, hata mlango huo umefungwa, kwa maana bakteria hana moyo wa kubadilika. Kauli ya kwanza haiwezi kutumiwa kufuta ya pili. Mwalimu anayenukuu moja analazimika kunukuu zote mbili, pamoja na miaka yake.

Utetezi wa pili, kwamba ndivyo watu wa wakati ule walivyokuwa, ndio unaotuudhi zaidi kwa sababu unawafuta waliopinga. Mwaka 1879 mwanahistoria Heinrich von Treitschke alipowashambulia Wayahudi huko Berlin, mwenzake Theodor Mommsen alimjibu kwa maandishi mwaka uliofuata. August Rohling wa Prague alipoeneza uzushi kuhusu Talmudi, mkusanyiko mkuu wa mafundisho ya marabi, Franz Delitzsch wa Leipzig, Mkristo na bingwa wa Kiebrania kama Lagarde, alionyesha ukurasa kwa ukurasa kwamba Rohling hakuelewa alichokinukuu. Rohling alimshtaki rabi Joseph Bloch kwa kumkashifu, kisha mwaka 1885 akaiondoa kesi yake kabla haijasikilizwa. Kwa hiyo mtu wa elimu ileile, wa nchi ileile, katika miaka ileile, aliweza kuchagua vingine, na alichagua.

Kesi ya Marburg ya mwaka 1888 ndiyo tungependa kila mwalimu aitumie darasani, maana inaonyesha pale chuki inapokutana na maswali ya kitaaluma. Mwalimu wa shule, Ferdinand Fenner, alikuwa amesema katika mkutano kwamba Talmudi inawaruhusu Wayahudi kuwaibia na kuwadanganya wasio Wayahudi. Alishtakiwa kwa kuitukana dini inayotambuliwa na sheria. Mahakama iliomba maoni ya wataalamu wawili: Hermann Cohen, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Marburg, na Lagarde. Cohen alieleza kwa kirefu yale ambayo kila anayeshika Talmudi lazima ayajue: kwamba kitabu hicho ni kumbukumbu ya mabishano, kwamba maoni ya rabi mmoja si hukumu, kwamba sheria na visa ni vitu viwili, na kwamba amri ya kumpenda jirani na kumlinda mgeni inamhusu pia asiye Myahudi. Maoni ya Lagarde yalikuwa mafupi sana ukiyaweka kando ya hayo. Mtu aliyetumia miaka kulinganisha hati herufi kwa herufi hakuona haja ya kutumia bidii hiyo pale ambapo heshima ya jamii nzima ilikuwa mezani. Fenner alitiwa hatiani.

Hapo ndipo tunapoona chuki imeingia ndani ya kazi yenyewe. Ilimfanya mvivu mahali fulani, na mkali kupita kiasi mahali pengine. Alimshambulia Leopold Zunz, mwanzilishi wa utafiti wa kisasa wa historia ya ibada za Kiyahudi, pamoja na wote waliomheshimu, akikataa kwamba Myahudi aweza kuisoma historia yake kisayansi. Abraham Berliner na David Kaufmann walimjibu mwaka 1887, wakionyesha kwa mifano makosa yake katika fasihi ya marabi. Zunz mwenyewe hakuwahi kupewa kiti cha uprofesa, na alikufa mwaka 1886, kwa hiyo ni marehemu aliyekuwa akirukiwa.

Yako pia madhara ya taratibu zaidi. Lagarde alishikilia, tena kwa hoja nzuri, kwamba hati zote za Kiebrania za Wamasoreti zinarudi katika nakala moja. Mtu anayeamini hivyo, na papo hapo anawadharau marabi waliotunza nakala hiyo, huwa mwepesi kuona kila tofauti kati ya Kigiriki na Kiebrania kama kasoro ya upande wa Wayahudi. Qumran imetusaidia hapa pia, safari hii dhidi yake. Miongoni mwa magombo yale yapo ambayo konsonanti zake zinakaribiana mno na zile za hati za Wamasoreti zilizonakiliwa miaka elfu moja baadaye. Wanakili walikuwa waaminifu kwa kiwango ambacho karne ya 19 haikuweza kukipima. Na gombo la Kigiriki la Manabii Wadogo lililopatikana Nahal Hever, ambalo Dominique Barthélemy alilichambua katika kitabu chake cha 1963, linaonyesha Wayahudi wenyewe wakiirekebisha Septuaginta kwa uangalifu mkubwa, karne kadhaa kabla ya Lusiano. Ile kazi ya kuivuta tafsiri ikaribie Kiebrania, ambayo Lagarde aliijenga kuwa kanuni, ilikuwa imeanzwa na wasomi wa watu aliowadharau.

Kwa wanaotaka kumtumia, njia tunayoipendekeza ni hii. Tenganisha kwanza anachoripoti na anachohitimisha. Anaposema hati fulani ina neno fulani, hiyo ni taarifa inayokaguliwa, na siku hizi picha za hati nyingi zinapatikana, kwa hiyo ikaguliwe. Anaposema kwa nini mnakili au rabi alibadilisha neno, hiyo ni hukumu juu ya nia ya mtu, na hapo ndipo penye sumu. Andika pembeni nani mwingine ameiona sababu hiyo na kwa ushahidi gani, usipompata, usiibebe. Tazama mwaka wa juzuu: juzuu nne za Mittheilungen, zilizotoka kati ya 1884 na 1891, zimechanganya makala za lugha na mashambulizi katika jalada moja, kiasi kwamba mtu anayefuata neno la Kisiriaki anaweza kujikuta ndani ya ugomvi na Wayahudi kabla hajageuza kurasa nyingi. Usimpe mwanafunzi ukurasa mmoja ulionakiliwa bila kuangalia ulio kabla yake na unaoufuata. Na pale Lagarde alipojibiwa, majibu yaende pamoja naye. Kumweka Lagarde bila Berliner, Kaufmann na Cohen ni kusikiliza upande mmoja wa kesi.

Jambo moja lahitaji uangalifu wa pekee kwetu Afrika Mashariki. Lagarde, kama wengi waliomfuata, alichukua majina ya familia za lugha na kuyageuza kuwa tabia za watu: Wasemiti wako hivi, Waindo-Jerumani wako vile. Familia ya lugha hueleza jinsi vitenzi na nomino vinavyohusiana. Haisemi chochote kuhusu uaminifu, akili au haki ya kuishi mahali. Mchezo huohuo ulichezwa hapa. Carl Meinhof, aliyezifanyia lugha za Kibantu kazi kubwa ya kweli, mwaka 1912 aliwaingiza Wamaasai katika kundi la lugha za Wahamiti akichanganya sarufi na dhana za jamii ya watu iliyo bora. Joseph Greenberg aliuvunja uainishaji huo katikati ya karne ya 20, na leo Kimaasai kinajulikana kuwa cha Kiniloti. Lakini dhana ya Wahamiti waliokuja kutoka mbali kuwatawala wengine ilikuwa imeshafundishwa Rwanda kwa vizazi, na huko mwaka 1994 majirani Watutsi, waliohesabiwa kuwa Wahamiti hao, waliitwa mende katika matangazo ya redio. Mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana kuhusiana na redio hiyo, mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikampa kifungo cha miaka 30. Nahimana alikuwa mwanahistoria, mhadhiri wa chuo kikuu. Hatusemi Lagarde ndiye chanzo cha hayo. Nasaba za mawazo nazo huchanganyika kama za hati. Tunasema mwanafunzi aliyemsoma Lagarde mzima ataitambua lugha hiyo akiisikia redioni.

Tunawaomba basi wanaoandaa mihutasari ya masomo ya Agano la Kale na ya isimu waongeze saa mbili tu za darasa: moja kwa kanuni tatu za 1863, zikifanyiwa zoezi kwa 1 Samweli 17:4, na nyingine kwa kesi ya Marburg, maoni ya Cohen na ya Lagarde yakisomwa sambamba. Na wanaoandika utangulizi wa Septuaginta kwa Kiswahili, wakimtaja kwa kazi ya 1863 na 1883, waweke katika aya hiyohiyo, si katika tanbihi, Deutsche Schriften ya 1878 na Juden und Indogermanen ya 1887.

Walimu wa lugha za kale,
Dar es Salaam